Edmond Thieffry: mutu mwenye alitumia siku 51 kutoka Bruxelles mpaka Kinshasa kwa ndege

Leo, musafiri mwenye anapanda ndege Bruxelles asubui anafika Kinshasa siku ileile. Kati ya ile miji miwili kuko kilometa karibu 6,200 kwa mustari ulionyooka, na ndege inazimaliza kwa masaa kama 8. Lakini ndege ya kwanza yenye ilifanya ile safari iliondoka Bruxelles tarehe 12 mwezi wa pili 1925, na ikafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 mwezi wa ine. Ilitumia siku 51.

Mukubwa wa ile safari aliitwa Edmond Thieffry. Alikuwa Mubelgiji, avoka kwa kazi yake, na rubani wa vita. Miaka ine kisha ile safari, alikufa katika ajali ya ndege karibu na ziwa Tanganyika, huku mashariki ya Congo. Wengi wenye wanapanda ndege Goma, Kalemie ao Lubumbashi hawajasikia jina lake. Lakini hesabu yenye alifanya, ya kilometa, masaa na siku za kungoja, ni ileile ambayo wasafiri wa Congo wanafanya mpaka leo.

Mutoto wa Etterbeek

Edmond Thieffry alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kenda 1892 katika Etterbeek, mutaa mumoja wa Bruxelles. Alisoma katika shule ya mapadri Wayezuiti ya Saint-Michel, kisha akaenda kusoma sheria kwenye chuo kikubwa cha Louvain. Kama vita haingekuja, pengine angeishi maisha ya kawaida ya avoka wa Bruxelles, na jina lake lingebaki katika vitabu vya tribinali tu.

Mwezi wa munane 1914, Ujerumani iliingia Ubelgiji. Thieffry, akiwa askari, alitumwa upande wa Liège, kwenye makao ya jenerali Leman mwenye alikuwa analinda ule muji. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na amri kwa pikipiki. Wajerumani walimukamata, lakini hakubaki mikononi mwao. Alitoroka kwa pikipiki, akaingia Uholanzi, inchi yenye haikuwa katika vita, na kutoka kule akarudia jeshi la inchi yake.

Katika mwaka wa 1915 aliomba kuingia katika kikosi cha marubani. Walimutuma Étampes, Ufaransa, kujifunza kazi. Hakuwa mwanafunzi muzuri. Alivunja ndege nyingi wakati wa kutua, na alijulikana kama rubani mwenye mukono muzito. Mara ya kwanza walimupatia ndege za kuchunguza adui, kisha akaingia katika kikosi cha ndege za kupigana. Pale ndipo alijulikana. Mwezi wa saba 1917 aliangusha ndege mbili za adui siku moja, kitu ambacho rubani wa Ubelgiji alikuwa hajafanya bado. Kwa jumla, ushindi wake wenye ulikubaliwa na jeshi ni 10, na hiyo ilimuweka katika nafasi ya tatu kati ya marubani wa Ubelgiji wa ile vita.

Wakati Bruxelles ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, Thieffry aliruka peke yake mpaka juu ya muji wake na kuangusha bendera ya Ubelgiji kwenye shule yake ya zamani. Kwa jeshi, ile safari haikubadilisha kitu. Kwa watu wenye walikuwa chini ya utawala wa adui, ilionyesha kwamba mpaka wenye askari na bunduki wanalinda chini, mtu anaweza kuupita kwa juu. Wazo la namna hiyo halikumutoka tena.

Tarehe 23 mwezi wa pili 1918, yeye pia aliangushwa. Aliumia, akakamatwa, na akabaki mufungwa wa vita Ujerumani mpaka vita kuisha. Kisha akarudi nyumbani na kuvaa tena kanzu ya avoka.

Koloni yenye ilikuwa mbali

Kwa kuelewa sababu gani avoka wa Bruxelles alitaka kuruka mpaka Congo, inafaa kujua namna watu walisafiri wakati ule.

Ubelgiji ni inchi ndogo. Congo inaipita kwa ukubwa zaidi ya mara 75. Mutu wa serikali ya koloni, padri ao mufanya biashara mwenye alitoka Ulaya alipanda meli kwenye bandari ya Anvers, akakaa baharini karibu majuma matatu, na kushuka Matadi. Pale alipanda treni ya njia ndogo yenye ilimalizika mwaka wa 1898, kilometa kama 366 kati ya Matadi na Léopoldville. Kutoka Léopoldville, kama alikuwa anaenda Stanleyville, Kisangani ya leo, alipanda mashua ya muto na kuhesabu majuma mengine. Mwenye alikuwa anaenda Kivu ao Tanganyika alijua kwamba safari yake inaweza kupita miezi miwili. Barua nayo ilifuata njia ileile. Jibu la barua moja liliweza kungojewa nusu ya mwaka.

Wabelgiji walikuwa wameshajaribu ndege katika Congo yenyewe. Mwaka wa 1920, ndege ndogo zenye kutua juu ya maji zilianza kufuata muto kutoka Kinshasa kwenda Ngombe, na mwaka wa 1921 zilifika mpaka Stanleyville. Ile njia iliitwa kwa jina la mufalme Albert. Ilikuwa moja kati ya njia za kwanza za ndege katika Afrika yote ya kati. Lakini mwaka wa 1922 ilifungwa. Ndege zilikuwa dhaifu, joto na unyevu viliharibu mbao zake, na feza yenye iliingia haikutosha.

Mwaka wa 1923, kampuni ya ndege ya Sabena ilianzishwa Bruxelles. Thieffry aliona kwamba kazi kubwa ya kampuni kama ile haitakuwa kupeleka watu Paris ao Amsterdam, miji yenye treni inafika kwa masaa machache. Ndege inaleta faida pale ambapo njia ya chini ni ndefu na ngumu. Na hakuna njia yenye ilikuwa ndefu kwa Wabelgiji kuliko ile ya Congo. Alianza kutafuta watu wa kumusaidia. Mufalme Albert, mwenye alipenda ndege na alikuwa ameshapanda wakati wa vita, alikubali ule mupango.

Ndege ya mbao na nguo

Sabena ilimupatia ndege moja ya aina ya Handley Page W.8f. Ilikuwa na mashini tatu, mbili kwenye mabawa na moja mbele. Kwa wakati ule ilikuwa ndege kubwa, yenye kuweza kubeba wasafiri kama 12. Lakini mifupa yake ilikuwa ya mbao, na ngozi yake ilikuwa nguo. Marubani walikaa mbele bila kioo cha kuwafunika, katika upepo, mvua na jua. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kilometa kama 135 kwa saa. Motokari ya leo kwenye barabara nzuri inaweza kufikia ule mwendo.

Ndege ilipewa jina la Princesse Marie-José, binti ya mufalme. Ndani waliingia watu watatu: Thieffry, mwenye aliongoza safari, Léopold Roger, rubani wa Sabena, na Jef De Bruycker, fundi wa mashini. Yule wa tatu hatajwi sana, lakini katika safari ya namna ile fundi ndiye aliamua kama kesho kutakuwa kuruka ao hapana.

Hakukuwa na radari wala satelite. Marubani walifuata dira, karta, na vitu vyenye walionekana navyo chini: reli, pwani, muto, njia ya ngamia. Ndege haikuweza kubeba esansi ya kwenda mbali, kwa hiyo safari ilikatwa vipande vipande. Kila kipande kilipaswa kuisha mahali penye uwanja, esansi na mafuta ya mashini. Vile vitu vilipaswa kufika mbele ya ndege. Mutu mwenye anaona ndege hewani hafikiri juu ya pipa za esansi zenye zimebebwa mbele yake jangwani. Lakini bila zile pipa, ndege ni mbao na nguo tu.

Njia yenye haikunyooka

Kwenye karta, mustari ulionyooka kutoka Bruxelles mpaka Kinshasa unakata bahari ya Mediterania na kuingia katikati ya Sahara. Kwa ndege ya 1925, kupita pale kulikuwa kujiua. Thieffry alichagua njia yenye kuzunguka, yenye ilipita hasa katika makoloni ya Ufaransa, na ambayo urefu wake ulipita kilometa 8,000.

Kutoka Bruxelles walishuka Dijon, Lyon na Perpignan katika Ufaransa. Wakafuata pwani ya Hispania mpaka Alicante, wakavuka bahari pale penye ni fupi, na kutua Oran, Algeria. Kutoka Oran walikwenda Colomb-Béchar, kwenye mulango wa jangwa.

Kati ya Colomb-Béchar na Gao, kwenye muto Niger, kuko zaidi ya kilometa 1,600. Mutu wa mashariki ya Congo anaweza kupima ule urefu kwa kufikiri safari ya Goma mpaka Kinshasa, lakini bila muti, bila kijiji, bila muto. Walipita kwenye kituo kidogo cha Ouallen, katikati ya muchanga. Ule ulikuwa ni wakati wa harmattan, upepo mukavu wenye unapanda na vumbi mpaka jua linabadilika rangi. Vumbi linaingia katika mashini na kula chuma polepole. Rubani hawezi kuona chini, na katika jangwa kutokuona chini ni kupotea.

Kisha Gao walifuata muto mpaka Niamey, wakapita Zinder, na kufika Fort-Lamy, N'Djamena ya leo, karibu na ziwa Tchad. Kutoka pale walikwenda kusini mpaka Fort-Archambault, wenye leo unaitwa Sarh, na kisha Bangui.

Bangui, shida ilibadilika. Mbele yao kulikuwa pori la Congo, kilometa kama 1,000 mpaka Léopoldville. Katika jangwa, mashini ikizimika, rubani anaweza kutafuta mahali pa kutua. Juu ya pori kubwa, hana mahali. Ndege ikishuka kati ya miti, hakuna mwenye ataiona tena. Kwa hiyo walishikamana na maji. Walifuata muto Ubangi mpaka Irebu, karibu na pale ambapo Ubangi inaingia katika muto Congo, kisha wakafuata muto mukubwa mpaka Léopoldville.

Masaa 75 hewani, majuma saba njiani

Tarehe 3 mwezi wa ine 1925 ndege ilitua. Ilikuwa mara ya kwanza ndege kutoka Ubelgiji inafika Congo.

Walipofanya hesabu, waliona kwamba kwa zile siku 51, ndege ilikuwa hewani kwa masaa kama 75 tu. Masaa 75 ni siku tatu na masaa matatu. Siku nyingine zote, karibu 48, ndege ilikuwa chini: kungoja upepo utulie, kungoja vitu, kutengeneza mashini, kukausha nguo ya mabawa, kutafuta kama uwanja wenye unafuata uko tayari. Ukigawa kilometa kwa masaa ya hewani, unapata mwendo wa kilometa kama 108 kwa saa. Ukizigawa kwa masaa yote ya zile siku 51, unapata chini ya kilometa 7 kwa saa. Ni mwendo wa mutu mwenye anakimbia polepole.

Meli ya Anvers na treni ya Matadi zingemufikisha Thieffry Léopoldville katika nusu ya ule muda. Wenye walitaka kucheka walikuwa na sababu. Lakini wenye walisoma ile hesabu vizuri waliona kitu kingine. Kama ndege inahitaji masaa 75 tu hewani, basi umbali hauko tena ndio shida. Shida ni zile siku 48 za chini. Na siku za chini zinaweza kupunguzwa: kwa kutengeneza viwanja, kuweka esansi mbele, kutayarisha vipande vya mashini, kuwa na watu wa kutoa habari za hali ya hewa. Thieffry hakuleta mwendo wa mbio. Alionyesha mahali ambapo wakati unapotea.

Mwaka wenye ulifuata, 1926, Wabelgiji wengine watatu, Georges Medaets, Jean Verhaegen na Jef Coppens, waliruka na ndege nyepesi ya aina ya Breguet kutoka Bruxelles mpaka Léopoldville na kurudi, yote kati ya mwezi wa tatu na mwezi wa ine. Mwaka mumoja ulitosha kugeuza majuma kuwa siku.

Wenye walilima viwanja

Katika habari za zile safari, majina yenye yanabaki ni ya marubani, wafalme na kampuni. Lakini uwanja wa ndege katika pori hautokei peke yake. Kabla ya ndege kutua, miti ilipaswa kukatwa, mizizi kungolewa, vichuguu kubomolewa na udongo kusawazishwa. Ile kazi ilifanywa kwa panga, jembe na mikono ya Wakongomani, chini ya utawala wenye haukuwauliza kama wanataka. Kila mwaka nyasi ilirudia kumea, na kila mwaka ilipaswa kukatwa tena.

Na ndege zenyewe hazikuwa kwa ajili yao. Zilibeba barua za serikali, wakubwa wa koloni, watu wa kampuni za madini, na feza. Ndege ilikuwa dawa ya ugonjwa wa koloni, wenye ulikuwa umbali: namna gani inchi ndogo ya Ulaya inaweza kutawala inchi kubwa yenye barua yake inachukua miezi. Thieffry aliona njia katika hewa, na ile njia ilikuwa pia njia ya utawala. Kuelezea maisha yake bila kusema hiyo ni kuacha nusu ya habari.

Kisha 1925, Sabena ilianza kufungua njia za ndege ndani ya Congo. Handley Page kama ile ya Thieffry zilitumiwa kati ya Boma na Léopoldville, kisha mpaka Luebo katika Kasai, na mwisho mpaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ile njia ya Boma mpaka Élisabethville ilipita kilometa 2,000. Safari ambayo ilihesabiwa kwa majuma ikaanza kuhesabiwa kwa siku.

Mwisho karibu na Tanganyika

Thieffry hakutosheka. Kwake, safari moja haikuwa njia. Njia ni ile ambayo mutu anaweza kupita leo, kesho, na juma lenye linafuata. Mwaka wa 1928 alijaribu tena kuruka mpaka Congo, mara mbili, pamoja na Joseph Lang na Philippe Quersin. Mara zote mbili safari ilikatika na hawakufika. Mutu mwenye alishinda mwaka wa 1925 na ndege nzito ya mbao alishindwa miaka mitatu kisha, wakati ndege zilikuwa zimeendelea. Katika kazi ile, kufika mara moja hakukuwa ahadi ya kufika mara ya pili.

Hapo aligeuza macho yake kwa Congo yenyewe. Alikuja kuchunguza namna ya kuweka njia za ndege ndani ya inchi, hasa upande wenye ulikuwa mbali na Léopoldville. Tarehe 11 mwezi wa ine 1929, alikuwa katika ndege ya Kifaransa ya aina ya Aviméta 92, ndege ya chuma, tofauti na ile ya mbao ya 1925. Ilianguka karibu na ziwa Tanganyika. Thieffry alikufa, na Gaston Julien mwenye alikuwa pamoja naye alikufa pia. Fundi wa mashini, Eugène Gastuche, ndiye peke yake aliokoka.

Thieffry alikuwa na miaka 36. Ilikuwa imepita miaka ine na siku nane tangu siku ambayo alitua Léopoldville.

Jina kwenye ndege

Njia yenye aliifikiria ilifunguliwa miaka sita kisha kifo chake. Tarehe 23 mwezi wa pili 1935, Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Bruxelles na Léopoldville. Ndege ya kwanza ilikuwa Fokker ya mashini tatu, yenye iliongozwa na Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt. Ilifika kwa siku tano na nusu. Ile ndege iliandikwa jina la Edmond Thieffry.

Kutoka siku 51 mpaka siku tano na nusu, kilometa hazikupungua. Ni viwanja vyenye viliongezeka, esansi yenye ilingoja ndege pahali pa ndege kungoja esansi, na mashini zenye hazikuvunjika sana. Mbele ya vita ya pili ya dunia, ndege za Savoia-Marchetti zilifikisha safari kwenye siku kama ine. Kisha vita, ndege kubwa za mashini ine ziliweza kupita bila kulala katika kila kituo. Mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru, Sabena ilikuwa na Boeing 707, ndege ya kwanza ya jeti katika kampuni ile, na Bruxelles na Léopoldville zikatenganishwa na masaa tu. Katika mwezi wa saba wa ule mwaka, zile ndege zilibeba maelfu ya Wabelgiji wenye walikimbia Congo. Njia yenye ilifunguliwa kwa kuleta utawala ikawa njia ya kuuondoa.

Sabena yenyewe ilikufa mwaka wa 2001 kwa sababu ya madeni. Lakini njia ya Bruxelles–Kinshasa haikukufa, na ndege zinaipita mpaka leo.

Hesabu yenye haijabadilika

Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa mustari wa ndege, ni kilometa kama 1,560. Kutoka Kalemie, karibu na eneo ambalo Thieffry alikufa, ni karibu vilevile. Ndege ya jeti inamaliza ule umbali kwa masaa kama mawili. Kwenye karatasi, Kinshasa iko karibu na Goma kuliko vile Oran ilikuwa karibu na Gao.

Lakini musafiri wa Congo anajua kwamba masaa ya hewani si muda wa safari. Kuko siku za kungoja ndege yenye haijafika, feza ya tikiti yenye inapita mushahara wa miezi, uwanja wenye mvua imeharibu, ao vita yenye imeufunga. Mwanzo wa mwaka wa 2025, miaka mia moja kamili kisha safari ya Thieffry, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa sababu ya vita. Watu wenye walikuwa na lazima ya kufika Kinshasa walianza kuzunguka kwa inchi jirani, kuvuka mipaka, kulala njiani. Umbali ulibaki kilometa 1,560. Muda wa safari ndio uligeuka.

Ile ndiyo hesabu ambayo Thieffry aliacha: masaa 75 juu, siku 48 chini. Ndege inashinda umbali kwa haraka, lakini mutu anafika tu kama chini kuko amani, uwanja, esansi na watu wenye wanafanya kazi yao. Pale ambapo vile vitu vinakosa, hata ndege ya kisasa inarudia kuwa na mwendo wa kilometa 7 kwa saa.

Katika Etterbeek, mutaa wenye alizaliwa, kituo kimoja cha metro cha Bruxelles kinaitwa Thieffry. Kila siku watu wanashuka pale wakienda kazini, na treni inasimama kwa sekunde chache tu kabla ya kuendelea.